Habari mbaya hupitia mlango gani?

Hotuba hii, juu ya utamaduni na uongozi katika biashara ya kimataifa, niliitoa Jumamosi iliyopita mjini Tororo, Uganda, kwenye mkutano wa wasafirishaji, mawakala wa forodha na wasimamizi wa maghala. Baadhi ya walionialika hawakufika: mmoja alikuwa amekwama kwenye foleni Malaba, mpakani na Kenya, mwingine alilala Mutukula, mpakani na Tanzania. Wameniomba niiandike, nami nimeiacha kama nilivyoisema. Picha za ukutani nimeziondoa, hazikuwa na kazi kubwa hata siku ile.

Mheshimiwa mwenyekiti, wazee wangu, dada na kaka zangu, madereva, utingo, na ninyi wa ofisini mnaopigwa na feni: hamjambo?

Nauliza tena, hamjambo? Naona wengine mmenijibu kwa nyusi. Asanteni, nimewasikia. Basi tuanzie hapo hapo kwenye nyusi.

Hapa kwetu Uganda mtu akiulizwa jambo akainua nyusi, amesema ndiyo. Hana haja ya kufungua mdomo. Mtoto anajua, kondakta wa taksi anajua. Sasa mlete meneja kutoka Rotterdam. Anamwuliza kijana wa ghala, "Umepakia yote?" Kijana anainua nyusi. Meneja anangoja. Anauliza tena, sauti imepanda. Kijana anainua nyusi tena, juu zaidi, maana naye anajiuliza huyu mzee haoni? Mwisho meneja anarudi ofisini kuandika kwamba kijana yule ana kiburi.

Mmenialika niseme juu ya utamaduni na uongozi katika biashara ya kimataifa. Kwenye semina nyingi mada hii huwa orodha: Mjapani mpe kadi kwa mikono miwili, Mwarabu usimpe mkono wa kushoto, Mjerumani usimchelewee. Hayo yanafaa kwa siku ya kwanza. Lakini mimi nimefanya kazi chini ya wageni, na mimi mwenyewe nimewahi kuwa mgeni juu ya wengine, na sijaona hata siku moja kampuni iliyoumia kwa sababu ya kadi. Nilichokiona ni hiki: kuna mtu wa chini aliyejua kwamba mambo yameharibika, na mtu wa juu hakujua. Kwa hiyo leo nina swali moja tu, na nitalirudia mpaka mlichoke. Katika kampuni yenu, habari mbaya hupitia mlango gani?

Miaka mingi iliyopita nilikuwa supavaiza katika shamba moja la maua, njia ya Entebbe, karibu na ziwa. Jina silitaji. Wenyewe walikuwa Waholanzi. Kazi ya waridi mnaijua, hasa ninyi mliowahi kuyabeba: ua likishakatwa, mbio zimeanza. Linaingia chumba cha baridi, nyuzi mbili mpaka nne, linafungwa, linapelekwa uwanja wa ndege, linaruka usiku, na kule Uholanzi linaingia mnadani Aalsmeer. Mnada wenyewe si kama huu wetu wa ng'ombe, ambapo bei hupanda watu wakikonyezana. Kule kuna saa kubwa, bei inaanzia juu inashuka, na anayebonyeza kwanza ndiye aliyenunua. Ukisitasita umekosa. Siku nilipoelezwa mnada ule nilianza kumwelewa bosi wangu kidogo.

Bosi alikuwa mtu mwema, msinielewe vibaya. Alilipa kwa wakati na hakutukana mtu. Ila maneno yake yalikuwa machache, na kila neno liligonga kama nyundo. Mkutano wa asubuhi ulikwenda hivi: "Hii mbaya. Hii nzuri. Hii, nani kafanya?" Mbele ya watu wote. Kwake hiyo ilikuwa heshima: nakwambia ukweli kwa kuwa nakuona mtu mzima. Kwetu ilikuwa kuvuliwa nguo sokoni.

Kwenye chumba cha kufungia maua kulikuwa na mama mmoja, Muganda kama mimi, kanizidi umri. Siku hiyo, saa kumi na moja jioni, akasikia feni ya chumba cha baridi namba mbili inakoroma, kisha kimya. Mimi nilikuwa nimempeleka mgonjwa zahanati. Akaamua kwenda kwa bosi mwenyewe. Akafika mlangoni, akavua viatu. Akapiga magoti, kama alivyofundishwa na mama yake, akaanza salamu ya Kiganda: "Gyebale ko, ssebo."

Mnajua kinachofuata. Mkubwa anaitikia, anauliza ya nyumbani, anauliza watoto, wanapokezana miguno, mm, eee, mm, na ndani ya miguno ile neno lililomleta mtu linapata pa kutokea. Mgeni akisikiliza atadhani ni porojo. Njia yenyewe ndiyo hiyo.

Bosi alipomwona mwanamke mtu mzima amepiga magoti kwenye saruji, uso wake ulikuwa mwekundu. Kwao mtu hampigii mtu magoti. Aliona aibu, na mpaka leo naamini ilikuwa aibu ya mtu mwema. Akainuka upesi: "Hapana, hapana mama, simama!" Akamshika mkono akamwinua. Kisha akamwuliza, "Kuna tatizo?"

Akina mama mlioko hapa, niwaulize. Umeinuliwa mkono na mwanamume asiye ndugu yako, salamu hujaimaliza, halafu unaulizwa kuna tatizo. Utasema nini?

Alisema, "Tewali, ssebo." Hakuna, bwana. Akavaa viatu vyake akaenda kutafuta taksi.

Asubuhi saa kumi na mbili nilifungua chumba namba mbili, na harufu ikanipokea kabla macho hayajaona kitu: tamu, nzito, kama ukumbi wa arusi siku ya pili. Mawaridi yalikuwa yamefunguka ndani ya maboksi. Waridi lililofunguka halipandi ndege. Tuliyasukuma kwa toroli mpaka shimo la mboji, na tulimaliza saa nne.

Kikao kikaitwa. Bosi akauliza, "Kwa nini hakuna aliyeniambia?" Yule mama akajibu, sauti iko chini kabisa: "Nilikuja."

Nilikuja! Ndugu zangu, neno hilo limenifundisha kuliko chuo. Habari mbaya ilitembea kwa miguu yake, ikafika, ikavua viatu, ikapiga magoti. Mlango ndio uliokosekana.

Yuko Mholanzi mwingine ambaye ningetamani angekaa kwenye kikao kile. Geert Hofstede, aliyefariki mwaka 2020. Alikuwa akifanya kazi IBM, ile kampuni ya kompyuta, na kati ya 1967 na 1973 zilikusanywa fomu za maswali zaidi ya 100,000 kutoka kwa wafanyakazi wa kampuni hiyo hiyo katika nchi nyingi. Mwajiri mmoja, kazi zinazofanana, nchi mbalimbali: majibu yakitofautiana, basi nchi ina mkono wake. Swali mojawapo lilikuwa: kwa uzoefu wako, ni mara ngapi wafanyakazi huogopa kuonyesha kwamba hawakubaliani na meneja wao? Tazameni, hata yeye alikuwa anautafuta mlango ule ule. Kutokana na maswali ya namna hiyo akatengeneza kipimo cha umbali kati ya mkubwa na mdogo. Uholanzi ilipata 38. Afrika Mashariki ikapata 64.

Mtasema, naam, hiyo ndiyo hadithi ya chumba cha baridi kwa tarakimu. Ngojeni kwanza. "Afrika Mashariki" yake ilikuwa Ethiopia, Kenya, Tanzania na Zambia, zote ndani ya chungu kimoja. Sisi hatumo! Na hata tungekuwamo, Uganda ipi? Mimi nimetoka Buganda, kwa Kabaka na magoti. Ninyi Wateso mababu zenu hawakuwa na mfalme. Wazee walikaa chini ya mti wakabishana mpaka jua likazama. Mtanipigia magoti ninyi? Naona hata nyusi hamjainua. Kwa hiyo namba hizo zichukueni kama bei ya dizeli uliyoambiwa kwa simu: inakusaidia kupanga safari, lakini bei ya kweli utaikuta kwenye pampu.

Wala msidhani ni mambo ya Mzungu na Mwafrika. Mwaka 1998 Daimler-Benz ya Ujerumani, wenye Mercedes, waliungana na Chrysler ya Marekani, wakatangaza kwamba ni muungano wa walio sawa. Wote watengeneza magari, wote wanavaa tai. Wakubwa wa Chrysler walikuwa wakilipwa zaidi sana kuliko wenzao Wajerumani, Wajerumani nao walikuwa na taratibu na vyeo vyao, na usawa uliotangazwa haukuonekana. Mwaka 2007 Chrysler ikauzwa. Fedha zilikuwa na sehemu yake, sikatai. Ila wale hawakuhitaji hata rangi ya ngozi ili washindwe kusikilizana.

Sasa nijiseme mwenyewe, maana kumsema Mholanzi ni rahisi, hayupo hapa.

Baadaye kampuni nyingine, ya mizigo, ilinipeleka Dar es Salaam kusimamia ofisi ya watu tisa. Nikajiambia, huko sina shida, lugha ni moja. Kiswahili! Jamani. Nyumbani nilikokulia Kiswahili kilikuwa lugha ya wanajeshi na wezi; baba akikisikia nje usiku alizima taa. Mimi nimekijifunza kwa madereva pale Malaba, kwa hiyo nimekijua kikiwa na kelele zake zote. Siku ya kwanza ofisini Dar nikasimama katikati ya chumba nikasema, "Wewe mzee, kuja hapa. Leta faili ya mzigo wa Mutukula. Haraka."

Kimya. Yule mzee, karani mwenye mvi, akainuka, akaleta faili, akaiweka mezani polepole kama anayelaza mtoto. "Karibu sana, dada," akasema. Nikadhani nimepokelewa.

Sikumwamkia. Sikusema naomba. Sikusema samahani. Kwa Kiswahili changu nilikuwa meneja anayejua anachotaka. Kwa Kiswahili chao nilikuwa askari aliyeingia msikitini na buti.

Kukawa na makontena mawili bandarini. Nauliza, "Yatatoka Alhamisi?" Najibiwa, "Tutaangalia, dada." Nasema, "Kwa hiyo ndiyo?" Najibiwa, "Inshallah." Nikaandika kwenye ripoti ya Kampala: yanatoka Alhamisi. Mbona mnacheka? Ninyi mngejua. Mtu wa Dar akikwambia tutaangalia, amekukatalia, tena kakufunika blanketi usipate baridi. Alhamisi ikapita, ya pili ikapita, ya tatu ikapita, na gharama za kuhifadhi mzigo zinaongezeka kila siku. Watu wote tisa walijua hati ina kosa. Aliyekuwa hajui ni mimi peke yangu, na mimi ndiye niliyekuwa na sahihi ya kulirekebisha.

Aliyeniokoa ni mama aliyekuwa akituletea chai na chapati. Siku moja alinikuta peke yangu, akamimina chai, akakaa, kitu ambacho hakuwahi kukifanya. Akasema, "Mwanangu, hapa watu huombwa. Hawaagizwi." Akafunga chupa yake. Halafu, kama anayezungumzia mvua, akaongeza: "Na ile karatasi ya bandarini, muulize mzee. Lakini muamkie kwanza."

Kesho yake nikaanza upya. "Shikamoo, mzee." "Marahaba, mwanangu." Tukaulizana ya nyumbani, nikajua mjukuu wake ana homa. "Mzee, naomba unisaidie, hati hii sijaielewa." Akavuta kiti. Dakika tano hazikufika, akaweka kidole chake juu ya namba ya kontena: tarakimu mbili zimepishana. Tarakimu mbili! Wiki tatu!

Nawaambia hili kwa sababu wengi wenu mnazitolea macho kazi za bomba la mafuta. Kilomita 1,443, kutoka Kabaale kule Hoima mpaka Chongoleani, Tanga. Wenye hisa ni TotalEnergies ya Ufaransa, CNOOC ya China, na mashirika ya mafuta ya Uganda na Tanzania. Katika kilomita hizo, 296 tu ndizo ziko kwetu. Zilizobaki ziko kwenye nchi ya shikamoo. Na Mchina je? Wao wana neno mianzi, maana yake uso, yaani heshima ya mtu mbele ya wenzake. Ukimkosoa mbele ya vijana wake umemvua huo uso. Mngoje nje, mseme wawili. Lakini ni kigeni gani hicho? Waswahili walishasema uso umeumbwa na haya kabla hatujaona kontena hata moja.

Kabla sijasahau: saa. Meneja mmoja mgeni alijitahidi kujifunza Kiswahili kwa simu, Mungu ambariki, akatuandikia kwenye WhatsApp, "Mkutano saa tatu." Sisi saa tatu asubuhi tumekaa. Yeye akatokea saa tisa alasiri, tatu ya kwao, akakuta watu wamenuna na chai imekwisha. Siku hizi naandika: saa tatu asubuhi, jua likiwa bado upande wa Kenya.

Na kuna wanaojificha nyuma ya neno utamaduni. Dereva aliyeuza dizeli ya kampuni njiani hana utamaduni tofauti. Ni mwizi. Tuendelee.

Najua swali lililo vichwani mwenu. Dada, una maana sisi wa magoti na shikamoo tutaficha mambo mpaka kiama? Jibu langu ni kamba.

General Motors walikuwa na kiwanda Fremont, California, chenye sifa mbaya: utoro, ugomvi, magari yenye kasoro. Wakakifunga mwaka 1982. Mwaka 1984 kikafunguliwa tena kwa ubia na Toyota, Wajapani wakiendesha kazi. Wafanyakazi wengi walikuwa wale wale wa zamani. Wale wale! Wajapani wakatundika kamba kandokando ya mstari wa kuunganishia magari. Yeyote akiona kasoro, hata aliyeajiriwa jana, anaivuta. Taa inawaka, kiongozi wa kundi anakuja kusaidia, na kasoro isipotatuliwa mstari unasimama. Zamani pale pale, kusimamisha mstari lilikuwa kosa la kukufukuzisha kazi. Ubora ukapanda mpaka magari yale yakalinganishwa na ya Japani.

Sasa nani aliitunga kamba? Watu wa kuinama. Watu ambao lugha yao ina namna nzima ya kumsemesha mkubwa. Wazo lenyewe ni la zamani, linarudi kwa Sakichi Toyoda na mtambo wake wa kufumia uliosimama wenyewe uzi ukikatika. Kama heshima kwa wakubwa ndiyo ingekuwa adui, Wajapani wangekuwa wa mwisho duniani kuwa na kitu kama hicho. Mimi naona faida ya kamba ni kwamba haimdai mtu ujasiri wa mdomo. Anavuta, basi. Na kamba si ghali. Kinachogharimu ni yule anayekuja baada ya kuvutwa, anakuja na uso gani? Akija na ghadhabu leo, kesho hiyo ni kamba ya kuanikia nguo.

Na sisi tulikuwa na kamba zetu. Kijana akitaka kuoa, haendi mwenyewe kwa baba wa binti, anatuma mshenga. Kwetu Buganda binti mwenye neno zito haendi nalo kwa baba, analipeleka kwa ssenga, shangazi yake, na ssenga anajua saa ya kulisema na namna ya kulisema. Tukifika ofisini tunayasahau hayo yote, tunabandika tangazo: mlango wangu uko wazi. Kwa mtu wa Amsterdam mlango ulio wazi ni mwaliko. Yule mama wa maua aliukuta wazi, na mnajua kilichompata.

Shambani, baada ya lile shimo la mboji, bosi aliniita akaniuliza afanye nini. Nampa sifa kwa hilo, wengi hawaulizi. Kila zamu ikachagua mama mmoja mtu mzima wa kupeleka maneno, wakamchagua wenyewe, si mimi. Na bosi akakubali kupita chumba cha kufungia kila jioni saa kumi, bila daftari, akisalimia. Gyebale ko aliijua kwa siku mbili. Kungoja ndiko kulikomshinda. Wiki ya kwanza akalalamika kwamba salamu zinamla dakika ishirini. Nikamwuliza, shimoni tulikaa saa ngapi? Akanyamaza. Sisi nasi tulikuwa na somo letu: tulizoea taratibu kwamba akisema "hii mbaya" anasema juu ya boksi, hasemi juu ya mama yako. Hilo lilichukua muda, na wengine hawakulizoea kamwe.

Tukaweka pia kitambaa chekundu kwenye mlango wa kila chumba cha baridi. Ukisikia jambo, kitundike kwenye mpini. Hakuna magoti, hakuna Kiingereza. Mwezi wa pili, jioni, nikakikuta kinaning'inia chumba namba mbili. Yule yule mama. Feni ile ile. Fundi alifika kabla baridi haijatoka, na bosi akaja mbio, akasimama mbele yake, akakumbuka, akashusha pumzi: "Gyebale ko, nnyabo." Wakamaliza salamu zote, feni imekufa, fundi anangoja na spana mkononi. Mimi nilikuwa nahesabu dakika.

Nilitaka niseme na juu ya mishahara, lakini nimeletewa kikaratasi hapa. Naona kimetoka kwa askari wa lango, akampa utingo mmoja, utingo akampa mama wa safu ya nyuma, mama akampa mwenyekiti, na mwenyekiti amekishika tangu nilipokuwa Dar es Salaam akiniangalia hivi. Mzee, nilidhani nimekugusa moyo! Kinasema gari la mgeni limeziba lango na malori matatu yanangoja kutoka. Mjumbe hauawi, mwenyekiti. Naomba radhi kwa madereva, nakwenda kulitoa.